Mfuko Mtupu, Moyo Mzima

Liko swali moja ambalo halina budi kuulizwa katika nyumba zetu, nalo ni hili: mtu akipungukiwa na fedha, je, anabakiwa na wajibu gani juu ya nafsi yake mwenyewe? Wajibu wake kwa watoto twaujua: chakula, mavazi, shule, matibabu. Wajibu wake kwa wadai wake nao twaujua, maana wadai hawachoki kumkumbusha. Lakini afya yake, ari yake ya kufanya kazi, na kipaji chake cha kubuni mambo mapya, je, navyo ni deni? Au ni anasa za walioshiba, ambazo mwenye njaa amekwisha kusamehewa?

Wengi hujibu kwamba ni anasa. Husema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwambie mtu aliyeachishwa kazi kwamba alale mapema, atembee apate hewa safi, achangamke na kuanzisha mradi, naye atakucheka, au atakukasirikia. Na hasira yake haikosi haki. Kutembea anatembea kila siku, maana hana nauli. Kulala halali, maana kodi ya nyumba imefika. Basi sisi hatutaki kuandika makala ya kumhubiria mwenye njaa faida za kushiba. Twataka kulipima swali lenyewe kwa haki. Na kwa kuwa hoja isiyo na mahali huelea hewani kama moshi, tumechagua mahali pa kulipimia, yaani mji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Wasomaji wa Bukoba, wa Songea na wa Tabora watajiona humo wenyewe. Na mkulima wa korosho wa Mtwara aukumbukaye msimu wa mwaka 2018 hahitaji kufundishwa na mtu wa Arusha jinsi bei inavyoweza kumwangusha mtu chini.

MJI ULIOPIGWA MARA NYINGI

Watu wa nje huufikiri mji wa Arusha kuwa mji wa neema: mlima una maji, udongo ni mweusi, na magari ya watalii hayaishi barabarani. Walakini ukiichunguza historia yake ya miaka sitini hivi utaona kwamba mji huu umepigwa mara kwa mara, na kila mara pigo lilitoka mbali.

Mwaka 1967 nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yake yakawekwa Arusha. Nyumba zikajengwa, watumishi wakaja, biashara ikastawi. Miaka kumi tu ikapita. Mwaka 1977 Jumuiya ile ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mji uliopangwa kwa ajili ya nchi tatu ukabaki wa nchi moja. Kabla watu hawajapumua ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na baada yake ile miaka ya foleni ambayo wazee wetu hawaisahau, miaka ya kutafuta sabuni na sukari kama mtu atafutaye dhahabu.

Huko vijijini nako hakukusalimika. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa kwa nchi zinazouza yalivunjika, bei ikaanguka, na kufikia mwaka 2001 ilikuwa chini kupita kiasi walichokumbuka wakulima wengi. Katika miteremko ya Meru wako waliong'oa mibuni iliyopandwa na baba zao, wakapanda mboga na ndizi. Mwaka 2009 kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya mji tangu miaka ya 1970, kilisimamisha kazi. Tarehe 31 Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifunga shughuli zake, ikabaki taasisi ndogo ya kumalizia mambo yake. Na nyumba nyingi zilizokuwa zikipangishwa kwa wageni wale zikatafuta wapangaji. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Watalii waliofika Tanzania, ambao mwaka 2019 walizidi milioni 1.5, wakapungua hadi laki sita na kitu. Waongoza watalii, wapagazi wa mlimani, wapishi wa kambi, madereva, wachonga vinyago na akina mama wa shanga, wote wakajikuta wameketi nyumbani katika mwezi mmoja.

Twajifunza nini katika orodha hii ndefu? Kwanza, kwamba hakuna hata pigo moja kati ya hayo lililosababishwa na uvivu wa baba wa Sakina au uzembe wa mama wa Usa River. Bei ya kahawa huamuliwa sokoni New York. Ugonjwa haukuomba ruhusa kwa mtu. Pili, kwamba mapigo mengi yalipita. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Mwaka 2023 watalii walizidi milioni 1.8. Bei ya kahawa duniani mwanzoni mwa mwaka 2025 ilipanda kuliko ilivyopata kupanda zamani. Lakini yako pia mambo ambayo hayakurudi. Mikono iliyotengeneza matairi haikuitwa tena kiwandani. Na mkulima aliyeng'oa mibuni hakuwa na cha kuchuma bei ilipopanda.

Kwa hiyo atuambiaye "Subirini, yatapita" ametuambia nusu tu ya kweli. Shida hupita, ndiyo. Lakini mvua ikirudi haimfai aliyekula mbegu. Mtu aliyeharibu mwili wake, akavunja nyumba yake, akapoteza ari yake wakati wa ukame, hatakuwa na mikono ya kuyapokea mavuno. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kusema kwamba kujitunza ni wajibu. Ni sababu nzuri, lakini si sababu ya mwisho, maana yategemea mavuno yaje. Je, yasipokuja? Yatupasa kutafuta sababu iliyo chini zaidi.

MTU NA MSHAHARA WAKE

Karibu na mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, kiko kijiji kiitwacho Marienthal. Karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo, nacho kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Wataalamu watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, waliongoza uchunguzi wa kijiji kile, wakatoa kitabu mwaka 1933. Walitazamia pengine kuona watu wenye hasira, au watu wanaotumia nafasi yao mpya kusoma na kujiendeleza. Waliona jambo lingine. Watu walikuwa na saa nyingi kuliko zamani, wakafanya mambo machache kuliko zamani. Maktaba ya kijiji ilikuwa haitozi tena ada, lakini idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilipungua. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakasimama simama, na walipoulizwa walichofanya tangu asubuhi hawakuweza kueleza. Wanawake hawakuwa hivyo kwa kiasi kile kile, maana kazi ya nyumba haikufungwa pamoja na kiwanda: watoto walitaka kula, nguo zilitaka kufuliwa, na siku ya mama ikabaki na asubuhi, mchana na jioni.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hili. Kiwanda kilipofungwa kilichukua mshahara, lakini kilichukua na kitu kingine kisichoandikwa katika hati ya malipo: sababu ya kuamka, mahali pa kwenda, wenzi wa kazi, na jibu la swali "Wewe ni nani?" Mtu aliyezoea kujibu "Mimi ni dereva" au "Mimi ni fundi wa kiwandani", akiondolewa kazi huona kwamba hajibu kitu. Hapo ndipo uongo mkubwa unapoingia moyoni, yaani kwamba mtu ni sawa na mshahara wake. Ukiwa sifuri, naye ni sifuri.

Uongo huo hauna budi kukataliwa kwa akili, si kwa moyo tu. Mshahara ni bei ya kazi fulani, katika soko fulani, kwa siku fulani. Kijana aliyepanda Meru na wageni mwezi Februari 2020 alikuwa na macho yale yale, lugha zile zile, ujuzi ule ule wa ndege na nyayo za wanyama mwezi wa Mei. Kilichobadilika ni soko, siye. Na kama thamani yake haikushuka, basi na deni alilo nalo juu ya nafsi yake halikushuka. Mwenye nyumba nzuri hupaswa kuitunza hata mwaka asipopata mpangaji. Hii ndiyo sababu iliyo chini zaidi: twautunza mwili, moyo na akili kwa kuwa ni vya mtu, na mtu hafilisiki pamoja na mfuko wake.

MWILI

Wakazi wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanajua jambo moja kuhusu maji ya mlima wao. Mito na chemchemi nyingi za miteremko ya Meru zina madini ya floridi kupita kiasi. Maji hayo yaweza kuwa maangavu, hayanuki, wala hayamwangushi mtu siku anapoyanywa. Lakini mtoto akiyanywa miaka na miaka meno yake huwa ya kahawia, na kwa wengine mifupa hupinda. Wasiwasi wa fedha ni maji ya namna hiyo. Haumwangushi mtu kwa siku moja. Humwondolea usingizi leo, humpandishia shinikizo la damu kesho, hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa, na mwisho watu husema, "Alikufa ghafula", kumbe alikunywa miaka mitano.

Kwa hiyo baba au mama aliye katika dhiki asione haya kujiuliza habari za mwili wake. Ni kosa kuacha dawa ya shinikizo la damu ili kuokoa nauli, maana kiharusi kitagharimu nyumba nzima. Ni kosa kuficha maumivu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mintarafu ya chakula, twaona jambo la ajabu: watu wa mlimani walizoea kula makande, loshoro, mnafu na maziwa ya mgando, leo wako wanaoona aibu kumkaribisha mgeni kwa vyakula hivyo, wakakopa ili kununua vya kukaangwa mjini. Kumbe sufuria ya makande na fungu la mnafu huilisha nyumba vizuri, na kwa bei ndogo. Kazi ya jembe katika kishamba cha nyuma ya nyumba, hata kama ni hatua kumi kwa kumi, huupa mwili mazoezi, huipa sufuria mboga, na huyapa mawazo mapumziko.

Neno moja juu ya pombe. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, lakini kiu iliyovinunua haikupigwa marufuku, ikahamia kwenye gongo na chupa ndogo. Anywaye ili asahau deni hulisahau kwa saa sita, na asubuhi hulikuta limeongezeka kwa bei ya ile pombe. Tena mara nyingi asahauye deni husahau na mipaka ya mkono wake, na mkewe na watoto ndio wanaolipa kwa machozi. Hapa twasema wazi bila kupunguza maneno: shida yaweza kumsamehe mtu deni la duka, lakini haimsamehi kofi alilompiga mama wa watoto wake. Bei ya kahawa haiamuliwi nyumbani; mkono wa mtu huamuliwa na mtu.

MOYO

Na moyo wa kufanya kazi je? Wengi hufikiri kwamba ari huja kwanza, kazi ikafuata. Kwa hiyo hukaa kitandani wakiingojea ari kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita. Mambo ya Marienthal yatufundisha kinyume: utaratibu ndio unaoulea moyo. Na mfano ulio wazi zaidi uko hapa hapa chini ya Meru.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka 1942, Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao elfu tano, wengi wao akina mama na watoto. Walikuwa wamechukuliwa makwao na utawala wa Urusi ya Kisovieti, wakapelekwa Siberia na sehemu nyingine za mbali, kisha wakapitia Uajemi hadi wakafika Afrika. Walikuwa wamepoteza nyumba, mali, na wengi wao waume na wazazi. Nchi yao yenyewe ilikuwa mikononi mwa wengine. Walilishwa kwa msaada, hivyo wangeweza kukaa na kulia tu. Lakini walifungua shule, wakajenga kanisa, wakalima shamba, wakaanzisha karakana za ufundi. Makaburi ya waliofia hapa yapo Tengeru hata leo. Watu wale hawakujua kama watarudi kwao, na wengi hawakurudi kamwe. Walakini mtoto aliyetakiwa kuwa darasani asubuhi, na mama aliyetakiwa kumfundisha, walikuwa na kesho. Chakula cha msaada kiliulinda mwili. Shule ndiyo iliyoulinda moyo.

Mfano wa pili ni wa wenyeji wa mlima wenyewe. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili igawiwe walowezi. Nyumba zilichomwa na watu wapatao elfu tatu wakaondolewa. Kila mmoja angeweza kuichukua hasara ile kuwa aibu ya nyumba yake peke yake. Hawakufanya hivyo. Walikutana, wakachanga fedha zao chache, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza kesi ya watu wake. Ardhi haikurudishwa mara ile. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kubadilika: uchungu uliofichwa kila mtu jikoni kwake ungekuwa ugonjwa, uliposemwa pamoja ukawa hoja, na hoja ile ikasaidia kuiamsha Tanganyika nzima.

Kutokana na mifano hii miwili twaweza kutoa mashauri mawili. La kwanza: aliyekosa kazi aamke saa ile ile aliyoamka alipokuwa nayo, aoge, avae, awe na jambo moja la kufanya kabla ya mchana, hata likiwa dogo kama kukarabati ua au kumfundisha mtoto hesabu. La pili: asifiche. Wako wanaume wanaotoka nyumbani kila asubuhi wamevaa shati la kazi miezi mitatu baada ya kuachishwa, wakashinda wameketi mahali, ili mke asijue. Twawahurumia, lakini hatuwezi kuwasifu. Mke asiyejua hawezi kupunguza matumizi; mtoto asiyejua huomba viatu vipya, na kila ombi lake huwa kama mwiba. Baba mwenye nyumba, keti na mwenzako, uweke hesabu mezani. Kisha waiteni watoto wakubwa, mwaeleze kwa lugha yao. Nyumba inayojua hali yake husaidiana, isiyojua hulaumiana.

UBUNIFU NA UJANJA

Twafika sasa kwenye jambo ambalo siku hizi linasemwa sana majukwaani. Vijana huambiwa, "Kuweni wabunifu." Ni neno zuri, lakini halielezwi. Ubunifu ni nini?

Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru aliyetoka kwao kutafuta kazi, akafanya kazi katika mkonge huko Tanga, kisha akafika Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa shule. Alichukua mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi ya kupaka baiskeli, akachora ndege na wanyama. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini namna yake ya uchoraji yaitwa kwa jina lake hadi leo, na wako watu wengi, Arusha wakiwamo, wanaopata chakula kwayo. Tuangalie alichofanya: hakungoja kupata asichokuwa nacho, alikitazama upya alichokuwa nacho.

Mfano wa nyumbani zaidi ni katambuga. Kiwanda cha kutengeneza matairi mapya kilifungwa, lakini mafundi wa viatu vya matairi makuukuu hawakufunga. Tairi lililokwisha likitazamwa kwa jicho la mwenye gari ni takataka; likitazamwa kwa jicho la mchungaji anayekwenda kwenye miiba ni soli ya miaka mingi. Kitu ni kile kile. Mtazamo umehama kutoka kwenye gari ukaja kwenye mguu. Hiyo ndiyo kazi yote ya ubunifu: kuuliza tena kwamba kitu hiki, au ujuzi huu, unaweza kumfaa nani mwingine. Dereva wa watalii anajua barabara, injini na lugha. Mambo hayo matatu hayakuwa mali ya watalii.

Lakini hapa yatupasa kutenganisha ubunifu na ujanja, maana dhiki huzaa vyote viwili, navyo hufanana sura kama mapacha. Katika vijiji vya juu kama Kisimiri wako waliolima bangi, na mwaka 2023 mashamba yao yaliteketezwa. Wako waliosema kwamba zao jingine halilipi. Huenda, lakini aliyelipa ni kijana wa mtu mwingine, aliyepotewa na akili mjini. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walipoteza akiba zao katika mpango wa DECI, walioambiwa kwamba wakipanda mbegu ya fedha watavuna mara mbili na zaidi. Kumbe mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho. Leo wako vijana wanaokesha wakibeti, na akina mama wanaokopa mikopo ambayo wenyewe wameiita kausha damu, nalo jina hilo halihitaji maelezo. Mfa maji haachi kutapatapa; lakini haifai kumuuzia mfa maji jiwe.

Kipimo chetu ni swali moja tu: nani analipa? Fundi wa katambuga akipata shilingi, mnunuzi amepata kiatu. Ulimwengu umeongezeka kiatu kimoja. Mwenye kubeti akishinda, kiatu hakikuongezeka. Shilingi ya jirani imehamia kwake, na kwa kawaida ya mchezo ule nyingi hubaki kwa mwenye duka. Mwezi Juni 2020 mchimbaji mmoja wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7, na picha yake ikaenea nchi nzima. Hatumwonei kijicho, alichimba. Lakini picha ya wale waliochimba miaka mingi bila kuona jiwe la maana haikupigwa. Asiwepo mtu wa kuiweka kesho ya watoto wake juu ya picha moja.

Kwa wenye akiba ndogo tunazisifu njia zilizo polepole: upatu wa watu wanaojuana, VICOBA vyenye hesabu zinazosomwa mbele ya wote, mkopo unaolipika kwa mazao halisi. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kilichojazwa hivyo hakina mwizi ndani yake.

NENO KWA WENYE NAFASI

Liko shauri moja lililobaki, na tusipolijibu makala yetu yote itakuwa unafiki. Mtu aweza kusema: "Mnamwambia maskini ajitunze, achangamke, abuni. Je, si njia ya kuwaficha wale waliosababisha shida yake?" Shauri hili ni zito, nasi twalikubali kwa sehemu kubwa.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilifundisha kwamba fedha si mzizi wa maendeleo bali ni tunda lake. Mengi yaliyojaribiwa kwa jina la Azimio hilo hayakufaulu, na wazee waliopanga foleni wanajua hivyo. Walakini wazo hilo moja halikufa: nyumba, kama taifa, haianzi na fedha, huanza na watu wanaofanya kazi kwa bidii na akili. Lakini Azimio lile lile lilitaja mahitaji manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mawili ya kwanza mkulima wa Meru aweza kuyashughulikia shambani kwake. Mawili ya mwisho hayamo mikononi mwake peke yake. Basi kiongozi anayewahimiza maskini bidii na ubunifu, huku akinyamaza juu ya siasa safi na uongozi bora, amelisoma Azimio nusu. Na mwajiri anayechelewesha mishahara miezi miwili, kisha akawaambia vibarua wake wawe na moyo, hana haki ya kulitamka neno hilo moyo.

Sisi nasi tulio majirani tusijitoe. Mwenzetu akikosa kazi, twamwonea huruma, kisha taratibu tunaacha kumwita. Kikao cha ukoo kinampita kwa kuwa hana mchango. Kamati ya harusi inamwandikia kiasi ambacho yajua hawezi, na akishindwa, hutajwa. Desturi yetu ya michango ilianzishwa ili wengi wabebe mzigo wa mmoja. Tusiigeuze iwe mzigo wa kuwaaibisha wengi kwa fahari ya siku moja. Familia itakayothubutu kufanya harusi ndogo mwaka wa shida itakuwa imewafundisha majirani zake mengi kuliko makala hii. Na katika jumuiya zetu ndogondogo, asiye na fedha apewe kazi ya kufanya, si pole tu. Mtu hushiba pole haraka, kuhitajiwa hakumchoshi.

Turudi basi kwenye swali letu. Afya, ari na ubunifu ni deni la mtu kwa nafsi yake, hata mfuko ukiwa mtupu. Lakini ni deni ambalo hatuna ruhusa ya kumdai mwenzetu kabla hatujalipa letu kwake. Amwambiaye mwenye njaa asikate tamaa aseme hivyo akiwa amebeba kitu mkononi: debe la mahindi, jina la mtu anayetafuta fundi, au nusu siku ya kumsaidia kulima. Hapo shauri litasikika. Na wewe ndugu uliyesoma hadi hapa huku umeshikilia hesabu isiyojaa, usiku wa leo imalize pamoja na mwenzako, mzime taa, mlale. Kesho muamke saa ile ile mliyozoea.